Uliiba Neno Moja, Utabiri Ulikuwa na Matatu

Kwako Nyakundi, uliyekuwa mchumba wangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Nasikia uko Nairobi kwa binamu yako, umebadilisha laini ya simu, na watu wa kwenu wakipata namba mpya hupokei. Basi nakuandikia hapa, mahali ambapo yeyote anaweza kusoma. Njia hii nilijifunza kwako. Maneno niliyokuambia wewe peke yako uliyapeleka mbele ya watu wote, nami leo nayarudisha kupitia hapo hapo.

Nitaanza na mazuri. Yalikuwepo, na nataka ukumbuke vizuri ni nini ulichokitupa.

Unalikumbuka duka la vitabu la Bi Nyanchama, pale mjini Kisii? Mvua ya alasiri ilikuwa imetusukuma ndani, watu tele wakijifanya wanatazama vitabu huku wakisubiri ikatike. Mimi nilishika kitabu cha kwanza cha Taji la Umande, na nilipokivuta kutoka kwenye rafu nikakuta kuna mkono mwingine umekishika upande wa pili. Bi Nyanchama alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na hakupenda mabishano. Alisema kimebaki hicho kimoja tu, tuelewane au akirudishe ndani. Tukaelewana. Wewe ungesoma kwanza, kisha unipe. Ulinipa kabla ya wiki kuisha, ukaniambia umeshindwa kulala na huna mtu wa kuzungumza naye kuhusu kitabu hicho, na ikiwa sitakisoma haraka utanihadithia chote kwa nguvu.

Kwa wanaosoma barua hii na hawavijui vitabu vyenyewe, nivumilieni niwaeleze kidogo. Taji la Umande ni hadithi ya nchi ya kubuni iitwayo Mbalare, inayotawaliwa na mfalme katili, Ngurumo. Vitabu ni vitano. Katika kile cha kwanza, mtabiri mmoja anakata roho akiacha mstari mmoja tu: "Atakayeshinda mlangoni ndiye atakayelivua taji." Hadithi nzima inaning'inia kwenye mstari huo. Karibu wasomaji wote waliuelewa hivi: shujaa Mwale atapigana kwenye mlango wa jumba la mfalme, atashinda vita, atamvua Ngurumo taji lake. Hata mwandishi alionekana kutupeleka huko, maana kila kitabu kilimleta Mwale karibu zaidi na mlango ule.

Mimi na wewe hatukuridhika. Tulisema mwandishi anayeandika kwa ufundi namna ile hawezi kuweka utabiri mwepesi namna ile. Tukawa tunabishana kila tulipokutana. Jumapili tulikaa na kundi la wasomaji kwenye mkahawa ulio karibu na duka la Bi Nyanchama, chai na mandazi mezani, na wewe ukisoma kwa sauti. Ulijua kusoma, Nyakundi. Hilo sitakunyima. Ulimpa kila mtu sauti yake. Ngurumo ulimsoma kama mjomba wako mchonga mawe wa Tabaka akigombana na wanunuzi wa vinyago, mpaka wahudumu wa mkahawa wakaacha kazi wasikilize.

Ulipokuja kwetu Nyaramba mara ya kwanza, mama yangu alikupa kikapu uchume majani chai, akupime. Ulichuma majani makavu na vijiti, ukarudi unajisifu. Mama alicheka mpaka akaketi chini. Akamwaga kikapu chako chini ya migomba, akaniambia pembeni, kwa lugha yetu ya Ekegusii, kwamba huyu hawezi kutulisha lakini anaweza kutuchekesha. Nilikueleza nusu tu.

Na ni mama, Nyakundi, aliyenifungulia neno la kwanza. Nataka watu walijue hilo, maana kwenye video yako ulisema lilikujia ukiwa unatembea peke yako.

Ilikuwa alasiri moja umefika kutoka mjini. Mama Kiswahili chake ni kile cha sokoni, lakini kwa kukuheshimu kama msomaji wa Kiswahili alikusalimu kwa hicho hicho, akakuuliza, "Umeshinda wapi leo, mwanangu?" Ukajibu kwa mzaha kwamba wewe umeshinda kila mahali, hakuna aliyekuweza. Mama hakuuelewa mzaha, akakupa uji. Wewe ukauchukua uji ukaanza kunywa. Mimi nikabaki nimesimama na kikombe mkononi, kwa sababu nilikuwa nimesikia kitu. Kushinda ni kupata ushindi, lakini kushinda pia ni kukaa mahali kutwa nzima. Atakayeshinda mlangoni. Kwenye jumba la Ngurumo kuna kikongwe anayeitwa Bi Kidete, bawabu, anayekaa kwenye kigoda mlangoni tangu asubuhi hadi jua linapozama, katika kila kitabu, na hakuna anayemtazama. Huenda mtabiri hakuwa akisema vita kabisa.

Sikukuambia siku hiyo. Nilirudi vitabuni kwanza nikahakikisha. Nikakuambia Jumapili iliyofuata, tulipokwenda Tabaka kuwasalimu wazazi wako. Tulikuwa tumekaa juu ya machimbo, wajomba zako wakikata mawe chini, vumbi jeupe limetujaa nywele. Nilipomaliza kukueleza ulinishika mkono.

"Kemu, hii ni yako," ulisema. "Usimwambie mtu. Hata kundini usiseme. Tuiweke."

Nikaiweka. Niliona ni mapenzi, kwamba unalinda kitu changu. Mwezi haukuisha kabla sijaiona sura yako kwenye simu, umekaa mbele ya rafu ya vinyago vya baba yako, unauambia ulimwengu kwamba umegundua siri ya Taji la Umande. Ulieleza kila kitu kwa mpangilio niliokupa mimi. Kigoda cha Bi Kidete ulikitaja pale pale nilipokitaja. Hata mzaha wa "nimeshinda kila mahali" uliutumia, ila ukasema ulimjibu mama mmoja muuza ndizi. Mama yangu ukamfanya muuza ndizi wa njiani, asiye na jina.

Nilikupigia. Hukukana. Uliniambia wazo halina mwenyewe, mradi limefika kwa watu, na kwamba video ya pili utanitaja. Ya pili ikaja, ya tatu ikaja. Watu wakaanza kukufuata, kutoka Tanga, kutoka Unguja, kutoka kwa Waswahili wenyewe, wakishangaa kwamba kijana wa Kisii amewafumbulia neno la lugha yao. Nami nikanyamaza. Siku ya wazazi wako kuja kwetu kujitambulisha ilikuwa imeshapangwa, na niliona si vizuri kuingia kwenye ndoa na kesi.

Sasa nifike kwenye siku hiyo. Hii hukuiona, kwa hiyo nitakueleza.

Baba aliamka kabla ya ng'ombe kukamuliwa. Alivaa suti yake ya kanisani ingawa Sabato ilikuwa imepita, akaenda kukaa kwenye kiti karibu na mlango wa boma, awe wa kwanza kuwapokea wazee wenu. Shangazi zangu walikuwa wamefika tangu jana yake, wanapika. Majirani walileta viti. Mchana ukapita. Nilikupigia, simu ikaita. Nilikupigia tena, ikaita. Kufikia alasiri ilikuwa imezimwa. Shangazi mkubwa alimfuata baba akamwomba aingie ndani ale, akakataa, akasema wageni wakifika wakute mwenye boma. Mvua ilipoanza alichukua mwavuli akarudi pale pale. Aliinuka giza lilipoanza kuingia, akajikunguta magoti, akapita katikati ya wageni wetu bila kumtazama yeyote. Chakula kiligawiwa majirani. Hakuna aliyeimba.

Ujumbe wako ulifika kesho yake. Ulisema tumekua tofauti, kwamba mambo yako yamepanuka na hutaki kunizuia wala nikuzuie. Ukaandika "nisamehe" mwishoni.

Baba hajaniuliza kitu hadi leo. Ila aliacha kukaa nje jioni. Kituo cha kupimia majani akawa anamtuma mama, kwa sababu pale wanaume hukaa na kuulizana habari. Baba yangu ni mtu ambaye watu wa Nyaramba walimwita wakigombania mpaka wa shamba. Wakaacha kumwita. Mtu akikosa kuheshimiwa na wakwe, nani atampelekea kesi yake?

Hata hapo labda ningeiacha. Nilipata kazi kwenye duka la dawa Keroka, nikapanga chumba, nikawa nauza dawa za tumbo kwa madereva wa malori na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Lakini ukahojiwa na redio. Mtangazaji alikuuliza kama kuna mtu alikusaidia kuufumbua utabiri. Nilikuwa kaunta na redio ilikuwa juu ya kabati. Ulicheka kidogo. "Nilikuwa na mchumba," ulisema, "nilijaribu kumfundisha mafumbo ya lugha, lakini si kila mtu ana kichwa cha hayo."

Mteja mbele yangu alikuwa ameomba dawa ya kikohozi cha mtoto. Nilimpa, nikamweleza namna ya kuitumia, nikamsindikiza kwa macho mpaka nje. Kisha nikaamua kwamba utalipa.

Sikujua nitakulipishaje. Njia ilikuja yenyewe, na tena ilikuja kupitia aibu uliyotuachia. Wazee wa ukoo wetu waliitwa nyumbani kulizungumza jambo lile, na kwa kuwa mmoja wa mashahidi alikuwa mume wa binamu yangu, mtu wa Voi asiyejua Ekegusii, niliambiwa nikae karibu naye nimtafsirie. Mzee mmoja akasema sisi sote ni egesaku kimoja, na aibu ya mmoja ni ya wote. Nikatafuta neno. Egesaku ni ukoo, lakini pia ni mlango, ule wa kuingilia nyumbani. Nikamwambia mgeni, "Anasema sisi ni wa mlango mmoja." Akaelewa mara moja, akaniambia hata kwao husema hivyo, mlango ni ukoo.

Nikaacha kutafsiri. Mgeni alinigusa bega kuniuliza mzee anasema nini sasa, sikumsikia. Mlango una maana zaidi ya moja, na mimi na wewe hatukuwahi hata kuugusa. Tulilifungua neno la kwanza tukadhani tumemaliza. Je, mlango wa mtabiri ulikuwa mlango wa nini? Nikakumbuka darasa la jiografia, shule ya msingi, mwalimu akichora ubaoni pale mto unapoingia ziwani. Mlango wa mto.

Wazee walipoondoka nilivitoa vitabu vyote vinne vilivyokuwa vimetoka nikavisoma upya. Nilimtafuta mtu anayekaa kutwa kwenye mlango wa mto, na alikuwepo, Nyakundi. Alikuwepo tangu ukurasa wa pili wa kitabu cha kwanza. Tunu, yule msichana bubu mwenye wavu, ambaye mashujaa humpita kwa mashua bila hata kumsalimu. Wewe ulipokuwa unasoma kwa sauti ulimruka, ulisema ni mapambo ya mandhari. Na katika kitabu cha pili, malkia wa zamani anapokimbia, taji la kweli linaanguka mtoni. Wote tulilisahau, kwa sababu Ngurumo alijichongea jingine akalivaa. Basi neno la tatu likajifungua lenyewe. Kuvua ni kuondoa kitu mwilini, na kuvua ni kutoa kitu majini. Hakuna atakayemvua Ngurumo chochote. Atakayekaa kutwa kwenye mlango wa mto ndiye atakayelivua taji la kweli, kwa wavu.

Maneno matatu, kila moja na maana ya pili. Wewe uliiba moja.

Safari hii sikumwambia mtu yeyote. Kitabu cha tano kilikuwa kimetangazwa, na kundi la Kisii lilipanga kufungua katoni hadharani, katika ukumbi, Bi Nyanchama asome ile sura ya utabiri mbele ya watu wote. Wewe ungekuwa mgeni wa heshima. Nilisikia umeahidi kwenye chaneli yako kwamba ikiwa si Bi Kidete, utaifunga na hutazungumzia kitabu tena maishani mwako. Nilisikiliza ahadi hiyo mara kadhaa ili nihakikishe umeitamka wazi.

Kisha ukaja Keroka.

Nadhani hofu ilikuwa imekushika. Uliingia dukani umevaa viatu vipya, ukaomba dawa ya kichwa, ukajifanya umeshtuka kuniona. Nilikuhudumia. Ulizungukazunguka maneno, ukauliza habari za nyumbani, na uliposema "baba hajambo?" nilishika ukingo wa kaunta. Nikajibu hajambo. Ndipo ukasema ulichokuja kusema. Uliniuliza kama bado naona ni Bi Kidete. Ulisema umesoma upya kitabu cha nne na kuna kitu hakikai sawa. Ulikuwa karibu sana, Nyakundi. Uliegemea kaunta ukapunguza sauti.

"Huo mlango," ulisema. "Unaweza kuwa mlango mwingine?"

Sekunde ile nilikuona kama ulivyokuwa machimboni, vumbi kichwani, mkono wako juu ya wangu. Ungesema neno moja tu. Ungesema, Kemunto, nilikukosea wewe na mzee wako. Sijui ningefanya nini. Lakini ulitazama saa ya mkononi.

"Mlango ni mlango, Nyakundi," nilikuambia. "Uko sawa. Usibadilishe hata neno."

Ukapumua. Ukalipia dawa ya kichwa ambayo hukuihitaji, ukaniambia mimi nimekuwa mtu mzuri siku zote, ukaenda zako.

Siku ya ukumbi nilivaa gauni la bluu, lile nililoshonesha kwa ajili ya siku ya wazazi wako. Nilikaa katikati ya watu. Ulipanda jukwaani ukapigiwa makofi, ukaieleza tafsiri yangu kwa ufasaha kuliko siku zote, ukainua mkono ukarudia kiapo chako. Mbele kabisa nilimwona mama yako, amevaa kitenge cha kijani, anatabasamu kila watu wakipiga makofi. Sikuwa nimejua atakuja. Nilimtazama kwa muda. Nisingependa kusema uongo kwamba nilisita.

Bi Nyanchama aliuliza kama kuna mwenye tafsiri nyingine kabla hajafungua kitabu. Yeye alikuwa ametumiwa nakala moja mapema ili aujue ukurasa, na uso wake haukuonyesha kitu. Watu wawili watatu walimtetea shujaa Mwale. Nikainua mkono.

Uliponiona nimesimama ulitabasamu, ukidhani nakuunga mkono. Nilianza kwa kusema kwamba maana ya neno "kushinda" uliyoieleza ni sahihi, na kwamba nafurahi umeikumbuka vizuri tangu nilipokueleza Tabaka. Minong'ono ikaanza. Nikaendelea taratibu. Nikawaeleza mlango wa mto. Nikawakumbusha taji lililozama katika kitabu cha pili, na nyuma yangu mtu akavuta pumzi. Nilipofika kwenye neno "kuvua" sikulazimika kumaliza, maana ukumbi ulilimaliza wenyewe, watu wakigeukiana na kuambiana. Nikataja jina la Tunu nikaketi.

Wewe ulishika kipaza sauti. Ulisema ni dhana nzuri, lakini dhana za mashabiki ni nyingi. Sauti yako ilikuwa ile uliyotumia kwa mtu asiye na kichwa cha mambo hayo.

Bi Nyanchama akafungua kitabu. Alisoma bila haraka, kama anawasomea watoto imla. Alisoma namna Mwale alivyouawa mlangoni pa jumba. Alisoma namna Bi Kidete alivyoinuka kutoka kwenye kigoda chake na kukimbia na umati. Hapo ulikuwa bado umesimama. Kisha akasoma asubuhi yenye ukungu, mto unapomwaga maji yake ziwani, na msichana anayevuta wavu akiuona mzito kuliko siku zote.

Hakuna aliyenitazama mimi. Wote walikutazama wewe. Nami nikakutazama, Nyakundi, nikayakumbuka magoti ya baba alivyoyakunguta jioni ile. Uliweka kipaza sauti mezani, kikalia, ukashuka jukwaani ukatokea mlango wa nyuma. Watu husema kisasi ukikipata huwa hakina ladha. Mimi nilikionja, na kilikuwa kitamu, na bado ni kitamu ninapoandika hivi.

Ningekuwa nimemalizana na wewe hapo. Isingekuwa lazima kuandika barua.

Lakini watu walipokuwa wakitoka, mama yako alinijia. Niliinuka nikijiandaa kutukanwa. Alisimama mbele yangu amekunja mkoba kifuani, akaniita "omwana one", mwanangu, kama alivyoniita siku zote. Akaniuliza kwa nini baba yangu aliwakataa. Sikumwelewa. Akaeleza kwamba siku ile walikuwa wamevaa, wazee wamekusanyika, gari limeshafika Tabaka, kisha wewe ukaingia ukawaambia umepigiwa simu kutoka Nyaramba. Kwamba baba yangu amesema binti yake hataolewa na watoto wa wachonga mawe. Baba yako alivua koti lake akarudi machimboni, na tangu hapo jina la watu wa kwetu halitajwi nyumbani kwenu.

Basi wazee wawili walivaa suti siku moja, kila mmoja kwake, kila mmoja akidhani mwenzake amemdharau. Hukuwa na ujasiri wa kuniacha kama mwanamume, ukaona heri uwaharibie jina wote wawili.

Nilimweleza mama yako alivyokaa baba yangu, na mwavuli, na chakula kilivyokwenda kwa majirani. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliniambia tu nimwonyeshe gari la kwenda Nyaramba linapandiwa wapi siku hizi.

Alikuja peke yake, wiki iliyofuata. Alifika na sukari, na kitenge cha kumpa mama yangu, na kinyago cha mzee aliyeketi, ambacho baba yako alikichonga mwenyewe alipoambiwa ukweli. Baba alikuwa ndani. Alipoambiwa nani amefika aliomba suti yake. Walizungumza barazani, mimi na mama tukiwa jikoni, na hatukusikia yote. Ninachojua ni kwamba alipomsindikiza walipita kwenye kituo cha kupimia majani, mahali ambapo baba hakuwa amekanyaga tangu siku ile, na akamtambulisha mgeni wake kwa wanaume waliokuwapo. Aliwaambia huyu ni mama kutoka Tabaka, amekuja kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Kwa hiyo naandika haya hadharani ili kila aliyekusikia redioni ajue kichwa kilikuwa cha nani, na kila mtu wa Tabaka ajue kwamba baba yangu hakuwahi kumdharau mchonga mawe. Usinitafute kueleza. Usimtume rafiki. Nikisikia umerudi kwenye chaneli kwa jina jingine, nitakuja huko pia, na nitazungumza polepole kama nilivyozungumza ukumbini.

Jumapili hii wazazi wako wanakuja kwetu, wote wawili, safari hii baba yako pia. Shangazi zangu wameshafika. Baba ameamuru mbuzi achinjwe, na tangu asubuhi anahesabu viti kwa sauti. Mama aliuliza kama kuna mwingine wa kuwekewa kiti kutoka Tabaka. Baba akamwambia hakuna.

Mimi niliyekuwa mchumba wako,
Kemunto